Sumbu Kalambay: tuhesabu majina, tusihesabu sekunde

Siku ya yenga iliyopita, katika komine ya Kenya hapa Lubumbashi, nilikaa na wapenzi wa michezo tukingojea mpira wa jioni. Mazungumzo yakatoka kwenye mpira yakaingia kwenye ngumi. Kijana mmoja akauliza kama Kongo imewahi kuwa na bingwa wa dunia mbali na Ilunga Makabu. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya migodi akajibu bila kuinua macho: "Kalambay. Wa hapa hapa." Kijana akafungua simu yake, akasoma kidogo, akacheka: "Papa, huyu banamuangusha mu dakika moja na nusu!" Mzee akamwambia: "Mutoto, weye unahesabu dakika. Hesabu majina."

Wengine waliendelea kubishana mpaka mpira ulipoanza. Mimi nilirudi nyumbani na jibu la yule mzee. Kesho yake nikaanza kupanga majina, moja baada ya lingine, kwa mwaka na kwa mji. Haya ndiyo niliyoyapata, na ninyi wasomaji mtaamua nani alikuwa na haki.

Sumbu Kalambay alizaliwa tarehe 10 mwezi wa nne 1956 katika mji huu, wakati ungali unaitwa Élisabethville. Usiku ule Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman kule Kinshasa, mwezi wa kumi 1974, Kalambay alikuwa kijana wa miaka 18. Dunia nzima ilikuwa ikiitazama Zaire, lakini mpiganaji wa Zaire aliyetaka kula kwa ngumi zake hakuwa na mahali pa kulia hapa nyumbani. Kalambay akaenda Italia. Mwaka wa 1980 akaanza kupigana kwa malipo, akapata uraia wa huko, na Waitalia wakamwita Patrizio. Alikuwa wa uzito wa kati, mwisho wake kilo 72 na nusu. Hakuwa mtu wa nguvu za kutisha. Silaha zake zilikuwa miguu, macho, na mkono wa kushoto uliotangulia kila wakati.

Hakupanda haraka. Mwezi wa kumi na mbili 1985, kule Ancona, alipigania mkanda wa Ulaya na Ayub Kalule, Mganda aliyekuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia katika uzito wa chini yake. Kalambay akashindwa kwa alama. Alikuwa karibu na miaka 30, na wengi katika umri huo huanza kufikiria kazi nyingine.

Hapa inafaa kueleza jambo moja, maana bila hilo habari yote itakuwa giza. Katika ngumi, bingwa wa dunia si mmoja. Kuna mashirika, na kila shirika lina mkanda wake: WBA, WBC, IBF, na baadaye WBO. Kila shirika huwa na orodha ya wapinzani, na bingwa analazimishwa kupigana na yule aliye juu ya orodha. Akikataa, ananyang'anywa mkanda mezani, bila kupigwa hata ngumi moja. Ndiyo maana mabingwa wengi hupigana kwa hesabu: leo huyu mwepesi, kesho yule wa lazima, na yule wa hatari anasogezwa mbele mpaka azeeke.

Mwaka wa 1987 mtu wa hatari katika uzito wa kati alikuwa Mwingereza Herol Graham. Alipigana kwa mkono wa kushoto, alikuwa mgumu kuguswa, na hakuwa ameshindwa hata mara moja. Hata Marvin Hagler, mfalme wa uzito huo, alimwacha na kuchagua kupigana na Sugar Ray Leonard, na WBA ikamnyang'anya mkanda wake kwa sababu hiyo. Graham alibaki akingojea nafasi ya ubingwa. Kabla ya kuipata, tarehe 26 mwezi wa tano 1987, aliuweka mkanda wake wa Ulaya mbele ya Kalambay, kule Wembley, katika nchi yake mwenyewe. Kalambay akashinda kwa alama katika raundi 12. Lile ndilo jina la kwanza la kuhesabu: mtu ambaye hakuna aliyemtaka, na mtoto wa Lubumbashi akamfuata mpaka kwake.

Ushindi ule ukampa nafasi ya ubingwa wa dunia wa WBA uliokuwa wazi. Tarehe 23 mwezi wa kumi 1987, kule Livorno, alipigana raundi 15 na Mmarekani Iran Barkley, akamshinda. Msomaji ambaye hajui ngumi aulize Barkley alikuwa nani. Miezi minane baadaye, huyo huyo Barkley alimwangusha Thomas Hearns na kuchukua mkanda wa WBC. Maana yake, mtu aliyeshangaza dunia katikati ya mwaka wa 1988 alikuwa amekwisha kushindwa na Kalambay.

Sasa angalia bingwa mpya alimchagua nani kwa ulinzi wa kwanza. Wengi hutafuta mtu wa kupumzikia. Kalambay, tarehe 5 mwezi wa tatu 1988, kule Pesaro, alikutana na Mjamaika Mike McCallum. McCallum alikuwa bingwa wa uzito wa chini yake, na mwaka uliotangulia alikuwa amemlaza Donald Curry kwa ngumi moja ya kushoto. Hakuwa amewahi kushindwa. Kalambay akamzungusha raundi 12 na kumpa kushindwa kwa kwanza maishani mwake. McCallum baadaye alitwaa ubingwa wa dunia katika uzito mbili nyingine, na tangu 2003 jina lake limo katika Jumba la Mashuhuri la ngumi huko Marekani. Jina la mtu aliyemshinda kwanza halimo.

Mwaka ule ule, mwezi wa sita, akamshinda Robbie Sims kule Ravenna. Sims alikuwa ndugu wa Hagler kwa mama, na miaka miwili mbele alikuwa amemshinda Roberto Durán. Mwezi wa kumi na moja, kule Monte Carlo, akamwangusha Doug DeWitt katika raundi ya saba. Wabishi husema Sims na DeWitt walikuwa wapinzani wa kawaida. Sitawakatalia, ukiwapima na McCallum, walikuwa wa kawaida. Lakini miezi michache baadaye hao wawili walipigana wao kwa wao kwa ajili ya mkanda wa kwanza wa WBO, na DeWitt akawa bingwa. Kama hao ndio wepesi wa Kalambay, basi wazito wake tuwaiteje?

Tumefika sasa kwenye uamuzi ambao watu wanabishania mpaka leo. Mwanzoni mwa 1989 WBA ilimwambia Kalambay apigane tena na Herol Graham, aliyekuwa amerudi juu ya orodha. Ilikuwa njia ya usalama: mtu uliyekwisha kumshinda, na mkanda unabaki kiunoni. Upande mwingine alikuwepo Michael Nunn, bingwa wa IBF, Mmarekani wa miaka 25, mrefu, wa mkono wa kushoto, mwepesi wa miguu, asiyeshindwa. Watu wengi wa ngumi walimwona kuwa ndiye atakayerithi kiti cha Hagler. Pambano lingefanyika Las Vegas.

Kalambay alichagua Nunn. WBA ikamnyang'anya mkanda. Bila shaka fedha zilikuwemo; ngumi za malipo ni kazi, na hakuna mtu anayevuka bahari kwa bure. Lakini bingwa wa fedha tu angechukua malipo ya Graham, abaki na mkanda, kisha achukue malipo mengine baadaye. Kalambay alitaka kujulikana nani ni wa kwanza kati ya wao wawili.

Tarehe 25 mwezi wa tatu 1989 jibu lilitoka haraka. Katika raundi ya kwanza, mkono wa kushoto wa Nunn ulimpata sawasawa, akaanguka chali, na hesabu ya refa ikamwisha angali chini. Dakika moja na sekunde 28. Gazeti la ngumi la Marekani, The Ring, lililiita pigo la mwaka. Tangu siku hiyo, mtu akitaka kuonyesha Nunn alikuwa mkali namna gani, anaonyesha picha ya Kalambay akiwa chini. Ndiyo picha aliyoiona yule kijana kwenye simu.

Kwa wanaosema Kalambay alikosea, hoja zao si za kuchekwa. Wanasema aliacha mkanda aliouchukua kwa jasho, akatoka kwao Italia alikozoea kushangiliwa, akaenda kwa mpinzani kijana katika nchi ya mpinzani. Wanasema mtu wa karibu miaka 33 anapaswa kujua hesabu. Na wanasema mkanda wenyewe ulikwenda kwa nani? Kwa McCallum, aliyemshinda Graham kwa shida mwezi wa tano 1989 huko London. Mtu aliyekuwa ameshindwa na Kalambay alivaa mkanda wa Kalambay. Hiyo inauma, hata kwangu mimi niliyekuwa bado mdogo wakati ule.

Lakini tuulize jambo lingine: baada ya zile sekunde 88, mtu huyu alifanya nini? Angeweza kurudi Italia na kupiga watu dhaifu mpaka atosheke. Mwaka wa 1990 alichukua tena mkanda wa Ulaya. Tarehe 1 mwezi wa nne 1991, kule Monte Carlo, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 35, alirudiana na McCallum kwa ubingwa wa WBA. Majaji waligawanyika, na McCallum akapita kwa nyuzi. Mwezi wa tatu 1992 alirudiana na Herol Graham kule Pesaro, akamshinda tena. Hapo wale waliodai kwamba mwaka wa 1989 alimkimbia Graham wakakosa la kusema. Humkimbii mtu uliyemshinda kabla na baada. Mwezi wa kumi mwaka ule ule akamshinda Mwailandi Steve Collins kule Verbania. Collins ndiye aliyekuja kumwondoa Chris Eubank katika ubingwa mwaka wa 1995, na mwaka uliofuata kumshinda Nigel Benn mara mbili.

Mwisho ulikuwa Uingereza, Leicester, mwezi wa tano 1993. Kalambay, mwenye miaka 37, alipigania mkanda wa WBO na Chris Pyatt, akashindwa kwa alama. Akaacha. Mapambano 64, ushindi 57, kushindwa 6, sare 1.

Nimeandika majina haya kwa sababu kubishana kuhusu mabingwa wetu hakutaisha. Ilunga Makabu alipochukua mkanda wa WBC kule Kinshasa mwezi wa kwanza 2020, tulishangilia wote. Mwaka wa 2021 ikasemwa kwamba Canelo Álvarez wa Mexico anamtaka, WBC ikakubali, kisha pambano halikufanyika. Makabu alipopoteza mkanda kwa Badou Jack mwezi wa pili 2023, vijana wakaanza kusema hakuwa kitu. Ni ugonjwa ule ule: tunamhukumu mtu kwa usiku wake wa mwisho.

Hapa Lubumbashi tuna mfano wetu, na yule mzee aliutumia kabla sijaondoka. Mwezi wa kumi na mbili 2010 TP Mazembe ilifika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi, baada ya kuwafunga Pachuca wa Mexico na Internacional wa Brazili. Kwenye fainali Inter Milan ikatufunga 3 kwa 0. Je, kuna mkaaji wa mji huu, hata mfuasi wa Lupopo akiwa na moyo mzuri, anayesema Mazembe ingebaki nyumbani kuliko kufungwa vile? Hakuna. Tunataja Pachuca, tunataja Internacional, tunacheza densi ya Kidiaba kwa makalio. Mabao matatu tunayajua, lakini hayakufuta safari.

Basi tumpe Kalambay hesabu hiyo hiyo. Graham akiwa hajashindwa. Barkley kabla ya kumwangusha Hearns. McCallum akiwa hajashindwa. Nunn akiwa hajashindwa. Graham tena, McCallum tena, Collins. Mpigaji ngumi huchaguliwa wapinzani na mameneja, na mashirika, na fedha. Lakini ni yeye peke yake anayepanda ulingoni. Kalambay alipanda mbele ya kila mmoja wa hao, na wengi wao aliwashinda. Usiku mmoja alipigwa vibaya, kwa sababu alikataa njia rahisi.

Katika matembezi yangu yote ya kazi ndani ya mji huu, sijakuta barabara wala sale ya ngumi yenye jina lake. Vijana wanafanya mazoezi Kenya, Katuba na Kamalondo wakiwa na picha ya Ali ukutani. Ali ni wa wote, picha yake ikae. Lakini pembeni yake pana nafasi ya mtu aliyezaliwa hapa. Nilimpigia simu yule kijana aliyecheka, nikamsomea majina pole pole. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na huyo McCallum, alimushinda kweli?" Nikamjibu: kweli, raundi 12, Pesaro. Akasema atamwambia kocha wake.