Takwimu za Uchumi wa Kidijitali

Takwimu za uchumi wa kidijitali ni makadirio yanayotolewa na taasisi rasmi za takwimu ili kuonyesha sehemu ya pato la taifa, ajira na biashara inayotokana na vifaa vya kompyuta, programu, mitandao ya mawasiliano na data. Ugumu wa kuzikokotoa hautokani na uhaba wa miamala, kwani mingi huacha kumbukumbu, bali hutokana na mipaka: udijitali si sekta moja kama kilimo au uchimbaji madini, ila ni namna ya kufanya kazi iliyopenya karibu sekta zote.

Uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi (ISIC), ambao toleo lake la nne lilichapishwa mwaka 2008, ulitenga kundi la habari na mawasiliano linalojumuisha simu, utangazaji, uchapishaji na utengenezaji wa programu. Kundi hilo hupimika bila taabu kubwa, lakini humwacha nje dereva wa teksi anayeitwa kwa programu ya simu, ambaye huhesabiwa katika uchukuzi, na muuza nguo wa mtandaoni, ambaye hubaki katika biashara ya rejareja. Kwa sababu hiyo ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo (UNCTAD) ya mwaka 2019 ilikadiria uchumi wa kidijitali kuwa kati ya asilimia 4.5 na 15.5 ya pato la dunia, kutegemea upana wa fasili inayotumika.

Nchini Kenya, ambako huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2007, kosa la kawaida ni kulinganisha jumla ya fedha zinazotumwa kwa simu na pato la taifa. Mtu akimtumia nduguye shilingi 1,000 na kukatwa ada ya shilingi 10, ile elfu moja imehama mfuko tu; kinachoingia katika hesabu za taifa ni ada, yaani bei ya huduma, ambayo nayo hupunguzwa gharama za umeme, kamisheni ya wakala na kadhalika ili kupata thamani iliyoongezwa. Vivyo hivyo, abiria akilipa nauli ya shilingi 500 na kampuni ya programu ikachukua 100, nauli yote ni zao la dereva na ile 100 ni gharama yake. Iwapo kampuni hiyo iko ng'ambo, 100 hiyo ni huduma iliyoagizwa kutoka nje.

Upande wa matumizi hupimwa kwa sensa na tafiti za kaya. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa, miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walimiliki simu ya mkononi, ilhali waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6.

Huduma zisizolipiwa, kama vile kutafuta habari mtandaoni, hazina bei, hivyo manufaa yake kwa kaya hayaonekani katika pato la taifa. Mfumo mpya wa hesabu za taifa, ulioidhinishwa na Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwezi Machi 2025, umeikubali data kuwa rasilimali inayozalishwa, ingawa thamani yake hukadiriwa zaidi kwa gharama za kuizalisha. Kwa hiyo asilimia yoyote ya uchumi wa kidijitali isiyoambatana na fasili yake haifai kulinganishwa na ya nchi nyingine.