Jenereta Yako Yataka Oili Gani?

Ramadhani moja stima ilikuwa ikipotea kila usiku wakati wa tarawehe. Jenereta ya msikiti wetu ilipopungua oili, mimi kwa haraka nikaitilia oili ya mashine ya boti. Tukaenda nayo hivyo hivyo. Kumi la mwisho, injini ikakwama. Kosa lilikuwa langu, na waliochanga kununua nyengine ni waumini.

Oili ile ya boti ni ya kuchanganywa na petroli, kwa injini za mipigo miwili. Jenereta nyingi za nyumbani ni za mipigo minne: oili ina mahali pake chini ya injini, na petroli ina tangi lake. Usizichanganye.

Ukienda dukani, soma mkebe. Herufi za API zikianza na S, hiyo ni oili ya injini ya petroli. Kisha tazama uzito. Kwa joto letu la pwani, SAE 30 yafaa. 10W-30 pia hutajwa na watengenezaji wengi, ila kwenye joto yaweza kupungua upesi zaidi. Kitabu cha jenereta yako ndicho cha kufuatwa.

Kabla ya kuiwasha, iweke mahali sawa upime oili. Ikiwa mpya, kwa kawaida oili ya kwanza humwagwa baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au miezi 6.

Jenereta ndogo haili hata lita moja. Sisi tulilipa injini nzima.