Vyama vya familia za wagonjwa wa akili vilitoka wapi? (Sehemu ya 4)

Tunaendelea na mfululizo wetu wa afya ya akili. Sehemu iliyopita tuliongelea dawa, na kwa nini mtu akipata nafuu anaacha kuzimeza. Baada ya posti ile, swali lililorudiwa kuliko yote halikuhusu dawa kabisa. Lilikuwa hivi: "Nesi, mgonjwa ana daktari wake. Sisi ndugu tuna nani?"

Ni swali zuri sana, na historia yake ni ndefu. Naomba nikupe historia kwanza, halafu mwishoni tuje kwenye nini cha kufanya. Ukijua vyama hivi vilianzishwa na nani na kwa sababu gani, utajua cha kutafuta, na utajua cha kukimbia.

ALIYEANZA ALIKUWA MGONJWA

Turudi Marekani, mwaka 1900. Kijana mmoja anaitwa Clifford Beers, msomi wa Chuo Kikuu cha Yale. Ndugu yake alikuwa na kifafa, na Beers akaishi na hofu kwamba na yeye kitampata. Hofu ikakua, akaugua, akajaribu kujiua. Miaka kama 3 iliyofuata alizunguka kwenye hospitali za magonjwa ya akili, za kulipia na za serikali. Alipigwa. Alifungwa lile koti la kubana mikono. Alilala kwenye chumba cha baridi kama mhalifu.

Alipopona hakunyamaza. Mwaka 1908 alitoa kitabu akieleza yote, na mwaka huohuo akaanzisha chama cha kutetea wagonjwa katika jimbo lake la Connecticut. Mwaka 1909 kikafuata cha nchi nzima. Chama hicho kipo hadi leo, sasa kinaitwa Mental Health America.

Kuna jambo moja kuhusu chama hicho nalipenda. Mwaka 1953 walikusanya minyororo na pingu zilizowahi kutumika kwenye hospitali za akili, wakaziyeyusha, wakatengeneza kengele yenye uzito wa pauni 300. Na usidhani mnyororo ni habari ya zamani. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuonyesha kwamba watu wenye matatizo ya akili bado wanafungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, na Afrika imo.

Ila vyama vya Beers, pamoja na uzuri wake, viliongozwa zaidi na madaktari, maprofesa na watu wenye vyeo. Mama mwenye mtoto mgonjwa nyumbani bado hakuwa na kiti pale mezani.

MAMA NDIYE ALIYELAUMIWA

Sasa sikiliza hili. Mwaka 1948 daktari mmoja bingwa, Frieda Fromm-Reichmann, aliandika kuhusu aina ya mama ambaye kwa malezi yake eti anamsababishia mtoto skizofrenia. Wazo likashika kasi. Kwa miaka mingi, mzazi wa Marekani alikuwa akimpeleka mwanawe hospitali anarudi nyumbani na mzigo wa pili: kwamba ni yeye aliyemharibu. Kuna waliozuiwa hata kuuliza hali ya mtoto wao, maana walihesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa.

Leo tunajua skizofrenia haisababishwi na malezi ya mama. Ni ugonjwa ambao urithi, ubongo na mazingira vyote vinachangia.

Lakini hebu tuwe wakweli. Sisi huku tuna tofauti gani? Kule alilaumiwa kwa lugha ya kitaalamu, huku analaumiwa kwa lugha ya mtaani. "Mama yake kamtoa kafara." "Ukoo wao una mkosi." "Huyo alimdekeza mno." Wodini unamwona mama amekaa pembeni ya kitanda hata macho hainui, na ukimsogelea unagundua hajalala siku 3. Kilichomwinamisha si usingizi peke yake, ni maneno ya watu.

MILANGO IKAFUNGULIWA, NYUMBANI HAKUKUANDALIWA

Mwaka 1952, Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walianza kutumia klopromazini kwa wagonjwa wa akili. Ndiyo, hiyohiyo tunayoitumia wodini mpaka leo. Watu waliokuwa wamefungiwa miaka na miaka wakaanza kutulia, kuongea, kula wenyewe. Wengine wakaonekana wanaweza kurudi nyumbani.

Mwaka 1955 hospitali za akili za serikali kule Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Miaka 20 baadaye walikuwa hawafiki 200,000. Katikati hapo, Oktoba 1963, Rais John F. Kennedy alisaini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na wananchi. Kennedy naye alikuwa na dada yake, Rosemary, aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1941 ukamwacha na ulemavu mkubwa. Haikupita hata mwezi baada ya kusaini, akauawa. Vituo vingi vilivyoahidiwa havikujengwa.

Matokeo yake? Wagonjwa wakatoka hospitali, na huko nje aliyewapokea ni familia. Familia ileile iliyoambiwa ndiyo chanzo cha ugonjwa sasa ikawa ndiyo wodi. Bila mafunzo, bila pesa, bila mtu wa kumpigia simu usiku mambo yakichafuka.

BABA WA LONDON NA MAMA WAWILI WA MADISON

Mei 1970 baba mmoja Mwingereza, John Pringle, aliandika makala kwenye gazeti la The Times bila kuweka jina lake. Alieleza kilichompata mwanawe, kijana wa chuo aliyeugua skizofrenia, na jinsi wazazi wanavyoachwa peke yao. Barua zikamiminika kutoka kwa wazazi wengine. Kumbe walikuwa wengi, kila mmoja amejifungia na siri yake. Mwaka 1972 wakaanzisha National Schizophrenia Fellowship, ambayo leo inaitwa Rethink Mental Illness.

Marekani ilikuwa mji wa Madison, jimbo la Wisconsin. Harriet Shetler na Beverly Young, kila mmoja alikuwa na mtoto wa kiume mwenye skizofrenia. Mwaka 1977 walikutana kwa chakula cha mchana, wakaongea, wakaona hii habari si yao wawili tu. Wakaalika wengine. Kikao cha kwanza watu hawakuzidi ishirini. Chama chao wakakipa jina ambalo kifupi chake ni AMI, neno ambalo kwa Kifaransa maana yake ni rafiki.

Septemba 1979 wakaitisha mkutano hapohapo Madison. Wakaja watu zaidi ya 200 kutoka vikundi vya majimbo mbalimbali ambavyo vingi havikuwa vikijuana. Hapo ndipo ilipozaliwa NAMI, ambayo leo ndiyo shirika kubwa kuliko yote Marekani linalotokana na familia na wagonjwa wa akili.

Walifanya nini cha maana? Mambo matatu.

Kwanza, walikataa lawama. Walidai utafiti wa ubongo, siyo mashitaka kwa mama.

Pili, walifundishana. Mwaka 1991 Joyce Burland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na wagonjwa katika familia yake, alianzisha masomo ya bure ambayo mwalimu ni ndugu wa mgonjwa aliyepitia hayohayo. Ugonjwa ni nini, dawa zinafanyaje kazi, uongee vipi na mtu anayesikia sauti, na wewe mwenyewe ujitunze vipi.

Tatu, waliingia kwenye sheria. Mwaka 1996 ilipitishwa sheria iliyoanza kubana bima za afya zisiuweke ugonjwa wa akili chini ya magonjwa mengine. Waliosukuma sheria ile walikuwa maseneta wawili wa vyama vinavyopingana: Pete Domenici, aliyekuwa na binti mwenye skizofrenia, na Paul Wellstone, aliyekuwa na kaka mgonjwa wa akili. Kwenye siasa walitofautiana, ila hili walilijua kutoka majumbani kwao.

WAGONJWA NAO WAKASEMA

Hapa kuna jambo lazima nilitaje, maana sisi ndugu na sisi wauguzi tunalisahau. Wakati familia zinajipanga, wagonjwa nao walikuwa wanajipanga kivyao. Judi Chamberlin alilazwa mwaka 1966 akiwa na sonona baada ya mimba kuharibika, na aliyoyaona wodini yakamfanya mtetezi maisha yake yote. Kitabu chake cha mwaka 1978 kilidai kwamba mgonjwa asikilizwe, asiamuliwe kila kitu na wengine.

Familia na wagonjwa hawakukubaliana kila mara, hasa kwenye suala la kumtibu mtu kwa nguvu. Mama anasema, "Mwanangu atakufa tusipomlaza." Mwana anasema, "Mlinifunga kamba." Wote wawili wanasema kweli. Chama kizuri ni kile ambacho wote wawili wana nafasi ya kusema.

NA HUKU KWETU

Huku historia ilianza na majengo. Lutindi, kule milima ya Usambara, ilipokea wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Mathari ya Nairobi ni ya mwaka 1910. Mirembe ya Dodoma ni ya mwaka 1927. Kwa watu wengi, kutajwa tu kwa majina haya lilikuwa tusi. "Huyu wa Mirembe" bado unalisikia kwenye daladala.

Vyama vimekuja baadaye sana. Uganda, Mental Health Uganda ilianza mwaka 1997. Kenya, waliopitia ugonjwa wenyewe walianzisha Users and Survivors of Psychiatry Kenya mwaka 2007. Huku Tanzania, shirika la BasicNeeds lilifanya kazi Mtwara miaka ya 2000, likiunganisha matibabu na vikundi vya wagonjwa na ndugu zao, pamoja na kazi za kuingiza kipato. Sheria nazo zimesogea: sisi tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na Kenya waliifanyia marekebisho ya kwao mwaka 2022.

Bado ni safari. Ila angalia, hata huko walikoendelea ilianza na watu wawili na sahani za chakula.

SASA WEWE UFANYE NINI

1. Siku ya kliniki, usichukue dawa ukaondoka. Muulize muuguzi au daktari: "Kuna kikundi cha ndugu au cha wagonjwa hapa?" Kama hakipo, omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

2. Uliza halmashauri yako nani ni mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Huyo anajua mashirika yanayofanya kazi eneo lenu.

3. Ukipata chama, kichunguze. Nani anaongoza? Kuna mgonjwa au ndugu wa mgonjwa kwenye uongozi? Kimesajiliwa? Hesabu zinasomwa mbele ya wanachama?

4. Kimbia wanaokwambia uache dawa, wanaoahidi kuponya kwa ada, wanaofunga watu kamba, na wanaopiga picha za mgonjwa wako kuombea misaada.

5. Kama hakuna kabisa, anza. Familia 4 au 5 mnazokutana nazo kliniki zinatosha. Pangeni siku moja kwa mwezi. Kila mtu aseme linalomsumbua, na yanayosemwa yabaki hapo. Mwalikeni muuguzi aje kuwafundisha jambo moja kila kikao. Wengi wetu tutakuja, tuombeni tu.

Na wewe mama, au kaka, au shangazi unayesoma hii usiku mgonjwa wako akiwa amelala chumba cha pili: hukumsababishia. Uliyembeba mpaka leo ni wewe, na unastahili kubebwa pia.

Kama kuna kikundi unakifahamu mkoani kwako na umeona kinafanya kazi, kiandike kwenye maoni hapo chini, taja na mkoa. Usitaje jina la mgonjwa. Sehemu ya 5 tutaongelea haki za mgonjwa aliyelazwa bila hiari yake, na ndugu anatakiwa asaini nini na asisaini nini. Usiku mwema.