JICHO LA BIBI, Sehemu ya 3: Walivyojifunza kutazama nyuma ya mboni

Tuendelee.

Kuna bibi ambaye jicho halimuumi, si jekundu, halina mtoto wa jicho, lakini ukisimama mbele yake anaona kilemba chako na mabega, sura haioni. Anatembea ndani bila kujigonga. Basi nyumbani wanasema anajifanya. Hajifanyi jamani.

Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, retina. Katikati yake pana sehemu ndogo, makula, ndiyo tunayosomea meseji, tunayotungia uzi kwenye sindano na kutambulia sura. Umri ukienda, kwa baadhi ya watu sehemu hiyo inachakaa. Pembeni panabaki pazima, ndiyo maana hajigongi.

Sasa, daktari angejuaje? Kwa karne nyingi asingejua. Mboni ni nyeusi, ukichungulia huoni kitu. Kumbe nuru inayoingia jichoni hurudi njia ileile iliyoingilia, na ukitaka kuchungulia kichwa chako ndicho kinachoiziba. Hilo alilielewa Hermann von Helmholtz, mwalimu wa chuo kikuu huko Königsberg, mwaka 1850, akiwa na miaka 29, alipokuwa anatafuta namna ya kuwaonyesha wanafunzi wake. Aliunganisha karatasi ngumu, lenzi za miwani na vioo vyembamba vya hadubini, akapata kifaa kinachopeleka mwanga ndani huku yeye akitazama kwenye mstari uleule. Mwaka 1851 akakichapishia maelezo. Retina ya mtu aliye hai ikaonekana.

(Nawakumbusha wenye watoto wachanga: ule wekundu wa macho kwenye picha ya flashi ni nuru hiyohiyo inayorudi. Ukiona jicho moja la mtoto linang'aa jeupe badala ya jekundu, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, usingoje.)

Kuona ni jambo moja, kuweka kumbukumbu ni jingine. Mwaka 1886 huko Uingereza, Jackman na Webster walipiga picha ya retina ya mtu aliye hai. Ilibidi atulie dakika mbili na nusu. Mkalishe wako wa miaka 3 hivyo uone! Na picha yenyewe ilikuwa hafifu.

Hatua ninayoipenda ilikuja mwaka 1961, Indiana, Marekani. Harold Novotny na David Alvis walikuwa bado wanafunzi wa udaktari. Walichoma rangi iitwayo fluoresini kwenye mshipa wa mkono, kisha wakapiga picha rangi ikipita kwenye mishipa ya jicho. Aliyechomwa kwanza ni Alvis mwenyewe. Kipimo hicho kipo mpaka leo. Ngozi inageuka manjano kidogo na mkojo unakuwa wa rangi kali, msishtuke. Faida yake ni kwamba mahali mshipa unapovuja panaonekana. Na hapo ndipo aina mbili za ugonjwa huu zinapotengana: aina kavu, inayokwenda polepole, na aina ya majimaji, ambapo mishipa mipya dhaifu inaota chini ya makula na kuvuja. Hii ya pili inaweza kuharibu jicho kwa wiki chache.

Mwaka 1991 wakina David Huang na James Fujimoto wa MIT wakatangaza kipimo cha OCT. Wewe umeshapigwa altrasaundi ya ujauzito. Hiki ni ndugu yake, ila kinatumia mwanga badala ya sauti. Hakuna sindano. Bibi anaweka kidevu, anatazama alama, na retina yenye unene wa kama robo ya milimita inaonekana matabaka kwa matabaka, na maji yaliyokaa chini yake.

Lakini mgonjwa alikuwa akionyeshwa picha nzuri kisha anaambiwa arudi nyumbani. Kwa aina ya majimaji tiba zilikuwa chache na dhaifu mpaka zilipokuja sindano za kuzuia mishipa hiyo, zinazochomwa ndani ya jicho. Ranibizumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Zinaokoa uoni uliobaki. Uliokwisha kupotea kwa kovu haurudi. Kwa hiyo "tutampeleka baada ya mavuno" ni neno ghali.

Shida ni kwamba jicho zima humfichia lile bovu, hata mwenyewe hajui. Mswisi Marc Amsler, miaka ya 1940, aliwapa wagonjwa karatasi tu: mraba wa sentimita 10 kila upande, wenye vyumba vya milimita 5 na nukta katikati. Daftari la hesabu la mwanao linatosha kuanzia. Weka nukta. Bibi avae miwani yake ya kusomea, ashike karatasi kama sentimita 30, azibe jicho moja kwa kiganja, atazame nukta tu. Kisha jicho la pili. Muulize: mistari imenyooka? Kuna chumba kilichopotea? Akisema imepinda kama bati lililopigwa na upepo, na mwezi jana haikuwa hivyo, kesho asubuhi muwe kliniki ya macho.

Sehemu ya 4 ni presha ya macho.