Paka Mwenye Karatasi

Kuna Mkenya mmoja ana vyeti kunishinda, na ni paka.

Anaitwa Sokoke. Mwaka 1978, Jeni Slater alikuwa na shamba la minazi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, huko Kilifi. Siku moja akakuta vitoto vya paka vichakani. Akachukua wawili, dume na jike, akawalea nyumbani. Walikuwa na rangi ya kahawia yenye mabaka yaliyojikunja, miili myembamba, na miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, kwa hivyo walitembea kama mtu anayenyata. Inasemekana Wagiriama waliwajua kitambo, wakiwaita khadzonzo, yaani anayefanana na gome la mti. Kwa hivyo jina lilikuwepo. Kitu kilichokosekana ni daftari.

Daftari lilikuja 1984, wakati rafiki yake Slater, Gloria Møldrup, alipopeleka paka hao Denmark na kuanza kuwazalisha. Mwaka 1993 FIFe, shirikisho la vilabu vya paka lililoanzishwa Paris mwaka 1949, likawatambua kama aina rasmi. Miaka tisa tu, na paka wa kichakani akawa na ukoo unaokubalika kwa majaji wa Ulaya.

Wazo lenyewe la "aina" ya paka si la zamani hivyo. Onyesho kubwa la kwanza la paka liliandaliwa na Harrison Weir pale Crystal Palace, London, mwaka 1871. Paka ameishi na binadamu maelfu ya miaka, lakini ukoo wa kuandikwa hata haujafika karne mbili. Si damu iliyobadilika sana, ni uandishi.

Hii naielewa kwa sababu nafuga paka. Niliacha chuo, nikarudi hapa Ndithini, na chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mama nimekigeuza makao ya paka watano wa kienyeji, huku nikiota siku moja kufuga Sokoke. Majirani wanacheka. Huku Ukambani paka ni mfanyakazi: analinda mahindi dhidi ya panya, na ukitaka mtoto wake unapewa bure. Ati kuna mtu atalipia paka? Mama mwenyewe aliniuliza kama hao wa kulipiwa wanakula panya wa aina gani.

Ukisoma kazi ya wafugaji wa nyumbani, unakuta si mambo ya kifahari. Mimba huchukua kama siku 65. Vitoto hukaa na mama yao hadi wiki 12 hivi, ili wajifunze tabia na wapate chanjo. Lakini kazi kubwa ni kalamu: nani alizaa na nani, lini, na nani hafai kukutana na nani. Sokoke walianza na paka wachache mno, wengine ndugu wa tumbo moja. Ukiendelea hivyo, udhaifu unarithiwa pamoja na urembo. Ndiyo maana miaka ya mwanzo ya 2000 wafugaji walirudi pwani kutafuta damu mpya, wakachukua paka kutoka maeneo ya Watamu. Yaani paka mwenye karatasi alikuja kuokolewa na binamu zake wasio na karatasi.

Hapo ndipo historia hii inaniuma. Paka wa Kilifi wasio na majina ndio hazina ambayo aina yote inategemea, lakini Sokoke waliosajiliwa, wengi wao wamezaliwa Ulaya na Marekani. Mkenya akimtaka mwenye cheti, huenda akamwagiza kutoka ng'ambo, kama tunavyoagiza kahawa yetu ikiwa imepakiwa upya.

Sisemi Slater na Møldrup waliiba. Bila wao pengine hakuna mtu angeandika chochote, na paka hao wangechanganyika na wengine wakasahaulika. Nasema tu kwamba anayeandika ndiye anayebaki na ukoo. Msitu wa Arabuko-Sokoke una zaidi ya kilomita 400 za mraba, umezungukwa na vijiji, na ndani ya vijiji hivyo bado kuna paka wenye rangi ya gome. Kinachohitajika si hela nyingi. Ni kijana wa Kilifi mwenye simu, daftari la shilingi hamsini, na subira ya kuandika: huyu ni nani, mama yake ni nani.