Rangi ya Kastadi

Simu ya mjomba ilinipata nikiwa mbele ya meko ya gesi, kwa bedsita yangu South B, mwiko mkono mmoja na simu mkono wa pili. Mjomba si mtu wa kuzunguka. "Tumekaa kama familia," akasema. "Ile mibixa ya nyanyako tunaikata mwezi ujao. Mbegu hazina bei. Sisi ametukatalia, lakini wewe atakusikiza. Mwambie."

Nikasema sawa mjomba, nitamwambia. Nilipokata simu, kastadi ilikuwa imeshika chini ya sufuria.

Mimi ni mjukuu wa shamba lile. Likizo zote za utotoni nilizimalizia Kwale, nikivua mbegu za bixa kutoka kwa maganda yake yenye miiba laini, vidole vikigeuka rangi ya chungwa hadi watoto wa jirani waniulize kama nimepakwa hina. Nilijua mbegu zinauzwa kwa dalali, dalali anaziuza mbele, na mbele huko zinapanda meli. Zinaenda kufanya nini? Hakuna aliyewahi kutuambia. Nyanya alikuwa akisema tu, "Wazungu wanapakia chakula chao."

Usiku ule, nikikwangua sufuria, nikaamua kujua. Nikaanza na pudini iliyokuwa mbele yangu.

Pudini yenyewe ni ya mathe. Alijifunza shuleni, kwenye somo la sayansi kimu, miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985. Shule yao haikuwa na oveni, kwa hivyo mwalimu aliwafundisha vitu visivyohitaji oveni, na hiki ndicho kilichomkaa kichwani. Unahitaji lita moja ya maziwa, vijiko sita vya unga wa kastadi, vijiko vinne au vitano vya sukari, na pakiti mbili za biskuti za Marie. Unga unaukoroga kwanza na maziwa baridi, nusu kikombe hivi. Ukiutupa moja kwa moja kwa maziwa moto utapata madonge na utajilaumu. Maziwa yakikaribia kuchemka, unamimina ule mchanganyiko huku ukikoroga bila kuacha, mpaka uzito uje na mwiko uanze kuacha njia nyuma yake.

Halafu unapanga. Biskuti unazichovya kwa strungi iliyopoa, kuingia na kutoka, usizikawize. Tabaka la biskuti, tabaka la kastadi, biskuti tena, kastadi tena, hadi bakuli lijae. Friji usiku mzima. Asubuhi biskuti zimekunywa maji ya kastadi na kulainika, na kisu kinapita kama kwenye keki. Kwetu hii ilikuwa chakula cha Idi, na mathe alikuwa akilifunika bakuli kwa sahani kubwa ili tusilichungulie. Tulichungulia.

Sasa, historia. Unga wa kastadi una mwenyewe. Mwaka wa 1837, mjini Birmingham, Uingereza, mfamasia mmoja kwa jina Alfred Bird alikuwa na shida nyumbani. Mkewe, Elizabeth, alipenda kastadi, lakini mayai yalikuwa yanamdhuru. Na kastadi ya wakati huo ilikuwa ni mayai na maziwa, basi. Bird akarudi kwenye duka lake la dawa na akatengeneza unga unaoshika maziwa bila yai hata moja. Miaka sita baadaye, 1843, akatengeneza pia baking powder, kwa sababu huyo huyo mke hakuweza kula hamira. Mimi humpenda huyu jamaa kwa hilo. Wengine huandika mashairi, yeye aliingia maabara.

Lakini kikombe cha kastadi ya 1837 kilikuwa na mambo mengine ndani yake. Sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa katika makoloni yake ilianza kazi Agosti 1834, ila katika visiwa vya Karibi watu walioachiliwa walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale, wakiitwa wanagenzi, hadi Agosti 1838. Kwa hivyo sukari ya Karibi iliyofika Birmingham mwaka ule ilitoka kwenye mashamba ya watu ambao uhuru wao ulikuwa bado wa karatasi.

Vanila nayo ilifungwa kwa miaka mingi na fumbo moja: nje ya Mexico, kwao asili, mmea ulikubali kumea lakini ulikataa kuzaa. Aliyefungua fumbo hilo mwaka wa 1841 alikuwa mtoto wa miaka 12, Edmond Albius, mtumwa katika kisiwa cha Réunion, jirani yetu wa Bahari ya Hindi. Alionyesha jinsi ya kuchavusha ua kwa mkono, kwa kijiti na kidole gumba. Biashara ya vanila ya dunia nzima ilijengwa juu ya mbinu hiyo. Yeye alikufa maskini.

Kisha ukaja mwaka wa 1874, na hapa vitu viwili vya bakuli letu vinakutana bila kujuana. Mwaka huo, Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walifaulu kutengeneza vanilini, ile harufu kuu ya vanila, kutokana na kitu kinachopatikana kwenye mti wa msonobari. Mwaka huo huo, mtoto wa Malkia Victoria, Alfred, alimwoa binti wa mfalme wa Urusi, Maria Alexandrovna. Kampuni ya Peek Freans ya London ikaoka biskuti ya mviringo kwa heshima ya bibi harusi na kuipa jina Marie. Kwa hivyo ile biskuti unayoichovya kwa chai asubuhi kabla ya matatu ni kumbukumbu ya harusi ya kifalme. Hakuna aliyekualika, lakini bado unakula.

Biskuti hiyo ilisafiri kuliko bibi harusi mwenyewe. Wareno wanaipanga na kahawa na krimu ya siagi, wanaiita bolo de bolacha. Huko Macau wanaisaga ifanane na vumbi la mbao, wanaipanga na krimu, na jina wameliita hivyo hivyo, serradura. Hapa Kenya ilipata viwanda vyake. Madatally Manji, mwanzilishi wa House of Manji, alikuwa mkubwa katika biashara hii hata kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka 1995, akaziita Memoirs of a Biscuit Baron.

Na maziwa? Kenya Co-operative Creameries ilianzishwa 1925 na walowezi, kwa ajili ya walowezi. Mkulima Mwafrika alianza kufunguliwa mlango wa ng'ombe wa gredi kwa upana baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango uliokuja katikati ya vita vya Mau Mau kwa sababu serikali ilitaka watu watulie. Mathe ni wa kizazi cha maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni 1979. Mpaka leo akinywa maziwa ya pakiti anasema hayafikii yale.

Unga wenyewe wa kastadi, kwa sehemu kubwa, siku hizi ni wanga wa mahindi. Jina mahindi linatudanganya kidogo, linatupeleka India, lakini mmea ni wa Mexico na ulifika Afrika baada ya Wazungu kuvuka Atlantiki. Wanga ndio unaofanya kazi ya yai: chembe zake zinapopata moto zinanyonya maji, zinavimba, na maziwa yanashika.

Bado rangi. Kastadi ile ya mayai ilikuwa ya njano kwa sababu ya kiini. Ukiondoa kiini unabaki na uji mweupe, na jicho linakataa kuuita kastadi. Ndipo inapoingia annatto, rangi inayotoka kwa mbegu za mti wa Amerika ya Kusini, Bixa orellana. Ndiyo. Bixa. Jina la pili ni la Francisco de Orellana, Mhispania aliyeteremka mto Amazon 1541 hadi 1542. Wenyeji wa kule walikuwa wakijipaka mbegu hizo mwilini na kuzitia kwenye chakula kabla yeye hajafika. Leo Kenya, pamoja na Peru na Brazili, ni kati ya nchi zinazozalisha mbegu hizo kwa wingi, na zetu zinatoka Pwani, hasa Kwale. Zinatia rangi jibini, siagi, na unga wa kastadi wa yule yule Bird.

Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Miaka yote ile ya Idi, nyanya yuko upande mmoja wa bakuli na mathe upande wa pili! Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mjomba. Mzee, huwezi kukata historia.

Halafu nikaenda kuangalia pakiti.

Iko kwa pipa, chini ya maganda ya vitunguu. Nikaifuta. Viungo: wanga wa mahindi, ladha, chumvi, rangi E102 na E110. Annatto ni E160b. Hiyo haikuwepo. E102 ni tartrazini, na E110 ni ndugu yake wa rangi ya machungwa. Zote mbili hutengenezwa kwa kemikali kiwandani, hakuna shamba wala mti. Kastadi niliyokuwa nimeiunguza haikuwa na nyanya hata kidogo, na uwezekano mkubwa hata zile za Idi hazikuwa naye. Mathe alinunua ya bei nafuu, kama mimi.

Kumbe hii ndiyo hadithi ambayo mjomba alikuwa akiniambia bila kuijua. Rangi ya kiwanda ni rahisi na haififii upesi. Umoja wa Ulaya ulianza 2010 kulazimisha vyakula vyenye rangi sita za aina hiyo, E102 na E110 zikiwemo, kubeba onyo kuhusu watoto na utulivu wao, na baadhi ya viwanda vikarudi kutafuta rangi za mimea. Lakini mkulima wa ekari mbili huko Kwale hasomi maandishi ya pakiti za Ulaya. Anasoma uso wa dalali.

Ijumaa nikapanda basi la usiku.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba mjukuu wangu. Umetumwa?"

Nikasema nimetumwa, lakini kwanza nataka kupika. Nilikuwa nimebeba wanga wa mahindi, ule mweupe laini kama poda, vanila, sukari na biskuti. Maziwa tukanunua kwa jirani. Nyanya akatoa kikombe cha mbegu kutoka kwa gunia ambalo dalali alilikataa. Tukapasha vijiko viwili vya samli kwa moto mdogo, tukatia kijiko cha mbegu, tukangoja dakika chache. Samli ikageuka rangi ya jua la saa kumi na mbili. Tukachuja, tukaitia kwenye maziwa. Wanga ukashika. Sufuria nzima ikawa njano.

Nyanya akainama akaangalia kwa muda mrefu. "Kumbe ni hii tu?"

"Ni hii tu, nyanya."

"Miaka yote hii."

Bakuli likalala kwa friji ya duka la Mpemba, katikati ya soda. Asubuhi tulikula barazani, mjomba akiwepo. Ladha ilikuwa tofauti kidogo na ya mathe, kuna kitu cha udongo na pilipili kwa mbali. Mjomba alikula sahani mbili bila kusema neno. Kisha nyanya akaniuliza pakiti ya kastadi Nairobi ni pesa ngapi. Nikamwambia. Yeye akanitajia bei ya kilo aliyopewa na dalali msimu uliopita. Mimi na mjomba tukanyamaza.

Sikumwambia mjomba kwamba huwezi kukata historia. Yeye ndiye anayelipa dawa za nyanya, na mihogo ina mnunuzi. Mibixa ilikatwa mwezi uliofuata, kama alivyosema, isipokuwa sita iliyo karibu na jikoni. Hiyo nyanya aliiketia chini, na panga halikufika.

Niliporudi South B nilikuwa na chupa ya jam iliyojaa mbegu. Idi iliyopita nilimpikia mathe pudini yake. Aliangalia bakuli, akaniangalia vidole, akauliza nimepakwa hina na nani.