Kuchagua themostati ya banda la vifaranga

Mwaka jana nilifunga themostati ya feni kwenye hita. Usiku banda lilipopoa, hita ikazimika badala ya kuwaka. Alfajiri nikakuta vifaranga wamelundikana, wengi wamekufa. Ndugu msomaji, kabla hujatoa pesa zako, angalia haya manne.

Kwanza, kazi yake. Ya hita huwasha joto likishuka. Ya feni huwasha likipanda. Zingine hufanya zote mbili, ukaichagulia mwenyewe.

Pili, nguvu yake. Gawanya wati kwa volti: hita ya wati 2,000 kwa stima ya volti 240 hula zaidi ya ampea 8. Chukua ya ampea 16 ili isilemewe.

Tatu, pengo baina ya kuwasha na kuzima. Nyuzi moja yatosha. Likiwa dogo mno, swichi itawaka na kuzima ovyo mpaka iungue.

Nne, kipimajoto chake kiwe na waya mrefu, ukining'inize kimo cha vifaranga. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35.

Halafu ijaribu kabla ya kuleta vifaranga: gusisha kipimajoto kwenye barafu. Hita ikikosa kuwaka, irudishe dukani.